Nzuri Sita na Kopo la Vifungo

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kuomba msamaha. Mke wangu ni mwalimu. Serikali ilimleta Garissa, yeye akanileta mimi, na cherehani ikanipa sababu ya kutotoka tena. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele, hapa mtaa wa Galbet, feni ikinipulizia hewa ya moto kutoka upande mmoja na dirisha likinipulizia hewa ya moto kutoka upande wa pili. Majirani huniita Fundi. Wenye utani zaidi huniita Mke wa Mwalimu, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua chumvi imebaki kiasi gani, sina la kujitetea.

Nikisema niko nyumbani, maana yake niko na binti yetu. Ana miaka saba na ana usonji. Maneno yake ni machache: ana "maji", ana "toka", na ana neno moja la Kisomali ambalo jirani yetu amekataa kabisa kunieleza maana yake.

Na anagonga. Anagonga geti letu la chuma. Hatumii kiganja, anakunja ngumi na kutumia mafundo ya vidole, tak-tak-tak-tak, mahali palepale karibu na komeo, mpaka rangi ya buluu imebanduka na kubaki duara la chuma kitupu linalong'aa. Hagongi kwa hasira. Uso wake unakuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Taabu ni kwamba hajui kuacha. Ngozi inachubuka, damu inatoka, inakauka, na kesho yake anakifungua kidonda upya. Fundo la kidole cha kati lilikuwa limetunga usaha mara mbili. Mara ya pili kiganja kilivimba hadi kwenye kifundo cha mkono, tukalazwa siku tatu, na daktari wa zamu akatuambia kwamba vijidudu vikiingia kwenye mfupa tutakuwa tunazungumza mambo mengine. Hakusema mambo gani. Nilikiangalia kile kidole, nikaelewa.

Tulijaribu kila kitu. Tulifunga sponji getini, akahamia kando ya sponji. Tulimvalisha glavu, akazivua, na katika joto hili hata mimi ningezivua. Nilifungua geti kabisa ili asiwe na cha kugonga. Mbuzi wa mtaa wakaingia, wakala karatasi zangu za vipimo na kola tatu, na binti yangu akawapita taratibu, akaenda kugonga geti likiwa limeegemea ukuta. Kanisani waliomba. Jirani alimsomea dua. Mwenye duka la pembeni alisema ni jini. Mwanafunzi wa chuo aliyepanga nyuma yetu akasema, "Wacha stress, Fundi, huyo ni DJ."

Basi siku moja daktari wa watoto alikuja kutoka Nairobi kufanya kliniki ya siku mbili. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Alipouona mkono, hakuuliza jini wala maombi. Alituambia kuna mashine kule kwao: mtoto anakaa kwenye kiti, sumaku inawekwa karibu na kichwa, inapiga mapigo madogo madogo yanayoamsha au kutuliza sehemu fulani ya ubongo. Hakuna kisu, hakuna sindano, hakuna kulazwa.

"Atapona?" nikauliza.

"Baba, sitaki kukudanganya. Kwa watu wazima wenye huzuni nzito, mashine hii tumeizoea. Kwa watoto wenye usonji bado tunajifunza. Wengine wanapunguza haya mambo ya kujirudiarudia, wengine hatuoni kitu. Na hii si dawa ya usonji. Angekuwa anapanga vikombe tu, ningekuambia umwache na vikombe vyake. Hapa tunataka kuokoa mkono."

Halafu akatuuliza maswali. Amewahi kuanguka kifafa? Hapana. Ana chuma chochote kichwani?

"Chuma kiko getini tu," nikasema.

Mke wangu alinitazama kwa jicho analotumia darasani.

Mpango ulikuwa huu. Kiti ni kimoja na watoto ni wengi, kwa hiyo wale wanaoumia zaidi ndio wanaotangulia. Ili wajue nani anaumia zaidi, muuguzi angetupigia simu kila Jumanne kwa wiki sita na kuuliza hali ya mtoto. Hilo tu. Mke wangu huwa darasani saa hizo, kwa hiyo kazi ya kupokea simu ikawa yangu. Niliona fahari. Hatimaye nilikuwa nimepewa kazi ya kitaifa ambayo haihitaji kuvaa viatu.

Jumanne ya kwanza, simu ikalia.

"Habari za asubuhi, baba?"

"Nzuri, sista. Za huko?"

"Huku kwema. Habari za mtoto?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

"Na kule kugonga?"

"Aa, si mbaya. Tunaendelea hivyohivyo."

"Haya, baba. Tuko pamoja."

Nikaweka simu chini nimeridhika kabisa. Muuguzi mwenyewe alikuwa na sauti ya upole, na mazungumzo yalikwenda kama yanavyotakiwa kwenda kati ya watu wawili waliolelewa vizuri. Jumanne ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile, isipokuwa tulizungumzia joto. Ya nne, nakumbuka vizuri, nilikuwa nimeshika simu kwa bega, mkono wa binti yangu uko mapajani mwangu, bandeji iko mdomoni mwangu, damu iko kwenye suruali yangu, na nikasema kupitia bandeji, "Salama kabisa, sista." Ya tano ilikuwa nzuri. Ya sita ilikuwa nzuri sana, kwa sababu nilitaka kuagana naye vizuri.

Wiki iliyofuata akapiga tena.

"Hongera, baba," akasema. "Tumekaa na daktari tukapitia majina. Tumefurahi sana kwamba mtoto ameendelea vizuri nyumbani. Kwa sasa kiti tumewapa wale wenye hali ngumu zaidi. Kukitokea shida, msisite."

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nje, mtoto aliyeendelea vizuri alikuwa anagonga geti.

"Sista," nikasema, "nani alikuambia anaendelea vizuri?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Wewe, baba. Wiki ya kwanza: nzuri, tunamshukuru Mungu. Wiki ya pili: hajambo. Ya tatu: nzuri, joto kali. Ya nne: salama kabisa. Ya tano…"

"Lakini hizo zilikuwa ni salamu!"

"Na kugonga nilikuuliza, baba. Ukasema si mbaya. Kila wiki."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikukosea unaweza kumkasirikia na ukala chakula chako kwa amani. Mimi nilikuwa nimekosewa na mdomo wangu mwenyewe, ambao ninakula nao.

Mke wangu alikuja saa ya chakula, vidole vyake vyeupe kwa chaki. Nilimweleza huku nikizungukazunguka chumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani.

"Hebu nielewe. Swali lilikuwa moja?"

"Moja."

"Na ulijua jibu?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Basi umefeli mtihani wa swali moja mara sita. Tangu nianze kufundisha sijaona."

Nikajitetea kwamba ndivyo watu wanavyosalimiana. Nani anaulizwa habari akajibu mbaya? Hata kwenye matanga mtu husema nzuri kwanza, halafu ndipo analia.

"Mwezi uliopita ulimcheka nani?" akauliza.

Nilikuwa nimemcheka jirani yetu, bibi wa Kisomali ambaye mtaa mzima tunamwita Ayeeyo, yaani bibi. Anauza maziwa mlangoni kwake, na ndiye anayemwangalia binti yetu ninapopima watoto wa shule. Alikuja asubuhi moja, nikamuuliza habari. "Nabad, alhamdulillah." Watoto je? "Fizuri." Kule kijijini Sangailu, kwa kaka yake? "Fizuri." Ngamia? "Fizuri sana, mashallah." Akakaa, akanywa chai kikombe kizima, akaufuta mdomo wa kikombe kwa ncha ya shungi, ndipo akasema, "Ile ngamia kubwa ya maziwa jana imekufa." Nilisimulia kisa hicho kwa wiki nzima, nikiigiza na shungi.

Mke wangu alipiga simu kliniki mwenyewe, kutoka ofisi ya walimu, bila kusalimia mtu. Wakakubali tuanze upya wiki sita, kwa sharti moja: safari hii hawataki maneno. Wanataka idadi. Amegonga mara ngapi kwa wiki, na ametoka damu mara ngapi.

Hilo niliona ni jepesi. Nikachukua chaki yangu ya fundi, kila akienda getini nikachora mstari ukutani. Siku ya kwanza nikachora vizuri. Siku ya pili nikatoka kwenda kupeleka kaptula, nikamwachia Ayeeyo chaki. Niliporudi ukuta ulikuwa mweupe, safi, na ncha ya shungi la Ayeeyo imejaa vumbi la chaki.

"Ayeeyo! Mistari iko wapi?"

"Nimefuta."

"Kwa nini?"

"Fundi, wewe nasoma mbaka sekondari lakini akili hakuna. Mtoto hahesabiwi. Hata mbuzi hahesabiwi. Sisi natazama mbuzi, najua yote iko ama moja hakuna. Wewe nachora chora ukutani, kila mtu nabita naona. Jicho ya husuda nasikia njaa tu, inakuja."

"Si mtoto ninayemhesabu. Nahesabu kugonga."

"Kugonga ni ya nani? Ya geti?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu ubongo na sumaku. Alinisikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Mwisho akasema hataki ugomvi na daktari, lakini namba haitatoka mdomoni mwake, na mstari hautakaa ukutani akiuona. Nikahesabu mambo yangu: bila Ayeeyo sina macho nikitoka, na nikiwa na macho nusu, idadi itakuwa nusu, na binti yangu ataendelea vizuri tena mpaka mfupa uoze. Nilikasirika hadi nikashona mfuko wa shati mgongoni.

Ni katika kuufumua ule mfuko ndipo nilipoliona kopo la vifungo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye vifungo vya mashati vya kila rangi. Nikavimwaga. Nikatenga vyeupe vya sare upande mmoja na vyekundu vya sweta upande mwingine. Nikamwonyesha Ayeeyo: mtoto akigonga, tupa cheupe ndani ya kopo. Akitoka damu, tupa chekundu. Husemi kitu. Huhesabu kitu.

Akafikiri. Akakitikisa kifuniko. "Na nani nahesabu baadaye?"

"Daktari. Nairobi."

"Ah, daktari," akasema. "Hiyo jicho ni yake na Mungu wake." Akachukua kopo.

Sijapata kuona mfanyakazi mwaminifu kama yule. Alitupa vifungo hata mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Aliwahi kunifuata chooni kugonga mlango, "Fundi, kifungo yekundu imeisha, leta ingine." Jumanne simu ilipolia, nilikuwa nimekaa na kopo mbele yangu na mke wangu alikuwa ameandika kwa kalamu nzito kwenye katoni, akaibandika usawa wa macho: USISEME NZURI.

"Habari za asubuhi, baba?"

Nilikunja vidole vya miguu. "Mbaya."

"Mungu wangu! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nasema habari mbaya. Vyeupe arobaini na kimoja. Vyekundu tisa."

"Vyeupe nini?"

Nikaeleza. Alicheka, halafu akaandika. Kila wiki nilijisikia kama mtu anayetukana mbele ya wakwe, lakini nilisema. Wiki ya tatu alikuwapo mgeni sebuleni, mzee wa kanisa, akanisikia nikisema "mbaya sana, sista, kuliko wiki jana," akapiga magoti pale pale kuniombea. Nilishindwa kumweleza. Baada ya wiki sita tukapewa kiti: siku kumi za kazi, kila siku mara moja.

Sasa, mtu akipigania kitu kwa miezi mitatu anasahau kwamba kuna siku anaweza kukipata. Mke wangu alikuwa na watahiniwa, hangeweza kuondoka. Mtu wa kwenda Nairobi nilikuwa mimi, ambaye sokoni tu naona mbali. Nilipanga sanduku kana kwamba nahamia. Ayeeyo alisoma dua juu ya kichwa cha binti yangu, akasoma na juu ya changu bila kuombwa. Kwenye kizuizi cha polisi pale darajani, tukitoka mjini, wote tuliposhushwa tuonyeshe vitambulisho, binti yangu aliona ubavu wa basi, bati tupu refu, akaanza kugonga. Askari akaniuliza ana nini. Nikataka kusema hajambo. Nikajizuia.

"Anapelekwa kutibiwa hicho unachokiona," nikasema, na tukapitishwa mbele.

Tulifikia kwa dada ya mke wangu. Siku ya kwanza kliniki, binti yangu alikataa kukaa. Tatizo halikuwa kiti wala sumaku. Tatizo lilikuwa vizibo vya masikio. Mashine ina kelele, na ni lazima masikio yazibwe, na yeye kitu sikioni hataki hata kukisikia kikikaribia. Siku ya kwanza ikapotea. Siku ya pili tukaleta vizibo laini zaidi, akavitupa chini ya kabati. Siku ya tatu alilala sakafuni akapiga yowe moja refu mpaka mtoto mwingine nje akaanza naye. Siku tatu katika kumi. Niliketi pale kwenye korido nikifikiria wiki kumi na mbili za Jumanne, na daraja, na mkono ule ambao hata wakati huo ulikuwa umefungwa bandeji mpya, na nikaona tunarudi nyumbani na nzuri ya saba.

Siku ya nne nikamwambia daktari, "Nianze mimi. Aone baba yake hafi."

"Na wewe una shida gani ya kutibu?"

"Kusema nzuri."

"Hiyo haina sumaku," akasema. "Na sikuwekei kitu kichwani bila sababu. Lakini kaa."

Nikakaa. Nikatia vizibo vyangu masikioni, nikatoa ulimi nje kwa furaha ya uongo. Daktari akachukua kile kipande cha plastiki chenye koili mbili zilizoungana mfano wa namba nane, akakishika hewani mbali na kichwa changu, akabonyeza.

Tak-tak-tak-tak-tak.

Binti yangu aliinua kichwa kutoka sakafuni.

Sijui nieleze vipi uso wake. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa mwendo wake, karibu nafasi zilezile kati ya pigo na pigo. Tumesafiri kutoka Garissa hadi Nairobi kuitafuta mashine ya kumwachisha kugonga, kumbe mashine nayo inagonga. Alinisukuma kwenye kiti. Alisema "toka," neno lake moja kati ya matatu, na nikatoka. Muuguzi, yule yule wa Jumanne, mwanamke mdogo kuliko sauti yake, alimwekea vizibo huku mashine ikigonga hewani, na hakuvitupa. Daktari akatafuta mahali kichwani mwake, akapiga pigo moja, na kidole gumba cha binti yangu kikaruka chenyewe. Alikitazama. Akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyekirusha. Akacheka.

Zile siku tatu hazikufidiwa. Kiti kilikuwa na mtu mwingine wa kuingia. Tulipata saba tu, na nilipolalamika daktari alisema, "Saba si kumi, baba, na hata kumi nisingekuahidi kitu. Nendeni nyumbani, mtupigie hesabu za vifungo." Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aseme neno moja la uhakika. Nilikuwa nimekuja na suti kwa ajili hiyo.

Tulirudi. Wiki ya kwanza vyeupe thelathini na vinane, vyekundu saba. Nilimtajia muuguzi nikiwa nimeuma meno. Wiki ya pili vyeupe thelathini na tisa, vyekundu sita. Mke wangu alisema tusubiri. Mimi nilisema tunasubiri nini, tumeisha kupigwa na sumaku, tumepigwa na jua, tumepigwa na daktari asiyetaka kuahidi kitu. Ayeeyo alisema kila kitu ni fizuri, alhamdulillah, akatupa kifungo.

Wiki ya tatu ilikuwa na ukimya wa ajabu. Nilishona suruali nzima bila kusikia geti. Jumatatu nikamshika mkono binti yangu kuubadilishia bandeji na nikakuta hakuna cha kubadilisha. Fundo la kati lilikuwa na gamba jeusi, kavu. Mengine yalikuwa na ngozi mpya, ya waridi, laini mithili ya ndani ya mdomo. Nililigusa. Hakuuvuta mkono.

Jumanne simu ililia kabla sijaangalia kopo.

"Habari za asubuhi, baba? Habari za mtoto?"

"Nzuri!" nikasema.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. "Baba," akasema taratibu, "tusirudi huko. Kopo liko wapi?"

"Sista, wallahi leo ni kweli. Ngoja."

Nikaenda rafuni. Kopo halikuwapo. Nikaangalia chini ya meza, nyuma ya mlango, kwa Ayeeyo kupitia dirisha. Ndipo niliposikia, kutoka upande wa uani, sauti ndogo, ya bati: tak. Tak. Tak. Tak.

Binti yangu alikuwa amekaa kivulini, miguu ameinyosha, kopo liko katikati ya magoti. Alichukua kifungo kimoja, akakiinua usawa wa jicho, akakiachia. Tak. Akachukua kingine. Vyeupe na vyekundu pamoja, na vya buluu, na vya koti kuukuu la mjomba wake, vyote vilivyokuwa mle nyumbani. Vilipoisha alipindua kopo, akavimwaga kwenye mkeka, akaanza upya. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Ayeeyo alikuwa ameketi kando yake, anamkamulia limau kwenye kikombe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku nyingi."

"Siku ngapi, Ayeeyo? Tangu kabla hajaacha geti, ama baada?"

Akaniangalia kama siku ile ya chaki. "Fundi," akasema, "mimi nahesabu?"

Nilisimama pale na simu mkononi. Sikujua kama ni sumaku iliyotuliza kitu kichwani mwake, au ni kopo lililompa mahali pa kugonga pasipo na damu, au ni vyote viwili, au ni dua ya Ayeeyo. Na mtu pekee aliyekuwapo siku nzima na macho mawili alikuwa ameapa kutohesabu. Miezi yote ile ya kukusanya idadi, na idadi yenyewe ilikuwa inamwagwa mkekani mbele yangu na kurudishwa, inamwagwa na kurudishwa.

"Baba? Bado uko?" muuguzi akauliza. "Hiyo sauti ni nini?"

"Ni kopo."

"Basi nipe idadi."

"Haipo. Kopo analo yeye."

"Sasa mimi niandike nini hapa?"

Nilichutama, nikaugeuza mkono wa binti yangu ule usiokuwa na kifungo. Alinivumilia kwa sekunde mbili.

"Andika gamba moja, kavu," nikasema. "Damu hakuna. Kwenye sababu acha wazi."

"Toka," binti yangu akaniambia, kwa kuwa nilikuwa namzibia mkeka. Nikatoka.